Barbara McClintock: mtafiti wa mahindi aliyefungua njia ya kuelewa uzee

Barbara McClintock, Mmarekani aliyepewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 1983, hakuwa daktari wa hospitali, wala hakutafuta dawa ya uzee. Alikuwa mtu wa shamba la mahindi. Lakini alichokiona kwenye punje kinawasaidia leo wataalamu kueleza sababu mojawapo ya mwili kuzeeka.

Alizaliwa tarehe 16 mwezi wa sita 1902 katika mji wa Hartford. Mama yake hakutaka aende chuo kikuu, akiogopa kwamba msichana aliyesoma sana hatapata mume. Baba yake alikubali. Mwaka wa 1919 akaingia Cornell, na mwaka wa 1927 akapata udaktari katika elimu ya mimea. Hakuolewa maisha yake yote.

Tangu miaka ya 1940 alifanya kazi Cold Spring Harbor, katika jimbo la New York. Alipanda mahindi yake, akachunguza punje moja moja. Kwa nini hii ina madoadoa ya rangi, na ile iliyo kando yake haina? Aligundua kwamba vipande fulani vya ADN huhama ndani ya kromosomu. Kipande kikitua kwenye jeni ya rangi, jeni hiyo inazimika. Kikitoka, inawaka tena. Kumbe kuwa na jeni peke yake hakutoshi: kuna jeni zinazofanya kazi na zilizonyamazishwa.

Mwaka wa 1951 aliwaeleza wataalamu wenzake. Wengi hawakumwelewa, wengine walitilia shaka. Baada ya 1953 aliacha kuchapisha sehemu kubwa ya matokeo yake, lakini shamba hakuliacha. Baadaye wengine walikuta vipande vinavyohama katika bakteria pia, ndipo watu wakarudi kwake. Alipopewa Nobel alikuwa na miaka 81, mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya tiba bila kugawana na mtu.

Leo inajulikana kwamba karibu nusu ya ADN ya binadamu imetokana na vipande vya namna hiyo. Katika ujana, mwili huvinyamazisha. Umri ukisonga, ulinzi unalegea: vingine vinaamka, na mwili unaanza kupigana kama vile umeingiliwa na virusi. Vita hiyo isiyokwisha inauchakaza. Mwaka wa 2019 watafiti walionyesha kwamba lamivudine, dawa wanayopewa wagonjwa wa SIDA, iliituliza vita hiyo katika panya wazee.

Kwa binadamu, bado hakuna dawa iliyothibitishwa kupunguza mwendo wa uzee. Asiwadanganye mtu sokoni. Lakini mazoezi ya mwili hubadilisha kazi ya jeni katika misuli, nayo hayanunuliwi.

McClintock alifariki tarehe 2 mwezi wa tisa 1992, akiwa na miaka 90.