Shen Zhou: Mchoraji aliyejiita mwanafunzi

NI watu wachache wanaodhulumiwa hazina yao kisha wakaiandikia sifa bila neno la uchungu. Shen Zhou, mchoraji mashuhuri wa mandhari nchini China, alikuwa mmoja wao.

Alizaliwa mwaka wa 1427 karibu na mji wa Suzhou, katika enzi ya watawala wa Ming. Licha ya elimu yake, hakuwahi kushika wadhifa serikalini. Alibaki nyumbani akimtunza mamaye mjane, akichora na kutunga mashairi.

Katika mali yake mlikuwa na mchoro mrefu wa milima ya Fuchun, kazi ya Huang Gongwang, aliyefariki mwaka wa 1354. Kwa desturi ya wasomi wa China, Shen alimkabidhi mtu mmoja mchoro huo ili auandikie maneno ya sifa. Mwana wa mtu huyo akaudhulumu, kisha akauuza. Shen hakuwa na fedha za kuukomboa.

Mwaka wa 1487, akiwa na umri wa miaka 60, aliuchora upya kwa kumbukumbu tu, akamzawadia Fan Shunju, afisa wa serikali mjini Suzhou. Punde si punde, Fan akaupata mchoro asilia, akaununua na kumwomba Shen auandikie.

Mwaka wa 1488 Shen alishika kalamu. Alimsifu Huang kwa elimu ambayo, kwa maoni yake, ilifunikwa na umaarufu wa brashi yake. Kuhusu dhuluma aliyotendewa, alisema tu kwamba mchoro uliwahi kuwa kwake ukapotea. Huenda Huang mwenyewe, kutoka ahera, ndiye aliyemchagua Fan kuumiliki. Aliongeza kuwa utu wa mchoraji ukiwa wa juu, nayo kazi yake huwa ya juu. Mwishoni, ingawa alikuwa bingwa aliyeheshimiwa kote, alitia sahihi kama mwanafunzi aliyechelewa kuzaliwa.

Shen aliaga dunia mwaka wa 1509. Mnamo 1650, tajiri aliyeumiliki mchoro huo aliagiza uteketezwe alipokuwa akikata roho. Mpwawe aliunasua motoni, lakini ulikuwa umekatika vipande viwili. Kimoja kimehifadhiwa Hangzhou, kingine Taipei. Mwaka wa 2011 vilionyeshwa pamoja mjini Taipei.

Nakala ya Shen imehifadhiwa Beijing, ushahidi wa mtu aliyepoteza kitu bila kupoteza heshima kwa aliyekitengeneza.