Seymour Cray: mzee aliyewajengea wanasayansi kompyuta zao

Wadau, leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Kuna Mmarekani mmoja anaitwa Seymour Cray, alifariki mwaka 1996, na vijana wengi tunaoshinda kwenye intaneti hata jina lake hatulijui.

Alizaliwa 28 Septemba 1925, Chippewa Falls, jimbo la Wisconsin. Kamji tu, msidhani New York, ndo maana mimi wa huku Kanazi namkubali. Vita vya Pili alikuwa mtu wa redio jeshini, baadaye akapelekwa Ufilipino kufumbua siri za Wajapani. Akarudi, akasoma umeme na hesabu Chuo Kikuu cha Minnesota.

Enzi hizo kompyuta nyingi zilikuwa za benki na maofisi: mishahara, madeni, stoo. Cray akaona shida ya mwanasayansi ni nyingine. Anayetabiri mvua anarudia hesabu ileile mamilioni ya mara, zenye desimali ndefu. Basi mwaka 1964, akiwa kampuni ya Control Data, wakatoa CDC 6600. Ubongo mkubwa ukaachiwa kupiga hesabu tu, vidogo kumi vikapewa kazi ya kuleta na kutoa data. Ni kama kwa mama ntilie: yeye anapika, vijana wanachota maji na kupeleka sahani. Ikapiga hesabu kama milioni 3 kwa sekunde, hakuna mashine iliyoifikia. Bosi wa IBM alichukia kweli, akataka kujua imekuwaje wapitwe na maabara ya watu 34, mfagizi akiwemo!

Mwaka 1972 akaanzisha Cray Research, na 1976 Cray-1 ya kwanza ikaenda Los Alamos, maabara ya silaha za nyuklia (tusifiche hilo). Hapa Bongo serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, sasa pima mwenyewe. Cray-1 ilikuwa na umbo la herufi C. Ukiiona utadhani urembo, kumbe ni ili nyaya ziwe fupi, maana umeme nao unatumia muda kusafiri. Uzito tani 5 hivi, inapozwa kwa gesi ya friji, na amri moja inashughulikia mstari wa namba hadi 64. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, Reading, Uingereza, kilipata yake 1978, na mwaka uliofuata kikaanza kutoa utabiri wa siku kadhaa mbele. Mkulima wa maharage anajua thamani ya kitu hicho.

Ila mzee alikuwa mbishi. Wengine walitaka kuunganisha bongo ndogo nyingi, yeye akang'ang'ania chache zenye nguvu. Cray-3, aliyoijenga kwa galiamu asenaidi badala ya silikoni, ilimla hela mpaka kampuni yake ya pili ikafilisika 1995. Hapo kwa maoni yangu alichemsha. Lakini 1996, na miaka 70 kichwani, akaanzisha kampuni nyingine, SRC, na safari hii alikubali bongo nyingi.

Hakuimaliza kazi. Tarehe 22 Septemba alipata ajali ya gari Colorado Springs, akafariki 5 Oktoba. Frontier, mashine ya Marekani iliyovuka hesabu bilioni bilioni kwa sekunde mwaka 2022, ina maelfu ya bongo ndani yake, na kwenye makabati yake jina lake bado lipo: Cray.

Haya wadau, uwanja ni wenu.