Nahodha Owen na Nyumba Zilizobaki



Wengi wetu tunamjua Dk. Krapf, aliyepanda milima yetu mwaka 1848 mpaka Vuga kuonana na Mfalme Kimweri. Wachache wanamkumbuka Mwingereza aliyefika pwani yetu zaidi ya miaka ishirini kabla yake, akataka kuifunga biashara ya watumwa Mombasa bila kutumwa na serikali yake. Jina lake William Fitzwilliam Owen.

Alizaliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1774, mtoto wa nje ya ndoa wa nahodha wa jeshi la maji. Baba yake alikufa India mtoto angali mdogo sana, akalelewa na watu wengine. Mwaka 1788, akiwa bado mvulana, naye akaingia jeshi la maji. Mwaka 1808 alitekwa na Wafaransa, wakamzuia kisiwani Mauritius hadi 1810.

Mwaka 1821 alipewa merikebu mbili, Leven na Barracouta, aende kupima pwani za Afrika. Kazi hiyo ilimchukua hadi 1826, akarudi na ramani za bahari zipatazo 300. Gharama yake ilikuwa kubwa: zaidi ya nusu ya mabaharia aliotoka nao walikufa, wengi wao kwa homa.

Mwezi Februari 1824 alitia nanga Mombasa. Wamazrui waliotawala mji walikuwa wakimhofia Sayyid Said wa Oman, wakaomba ulinzi wa Waingereza. Owen alikubali, lakini kwa sharti: biashara ya watumwa ikomeshwe Mombasa. Tusidhani kwamba pande zote mbili zilitaka jambo moja. Wenyeji walitaka bendera iwakinge na adui; yeye alitaka watumwa wasiuzwe. Alimwacha hapo Luteni Reitz, kijana ambaye mwezi Mei mwaka huohuo alifariki kwa homa katika safari ya Pangani. Baadaye kazi ilishikwa na Luteni Emery, na baadhi ya watumwa waliokombolewa wakapewa mahali pa kukaa ng'ambo ya mji, panapoitwa English Point.

Serikali ya London haikupendezwa, kwa kuwa Sayyid Said alikuwa rafiki yake. Mwezi Julai 1826 bendera ikateremshwa. Mwaka 1837 Mombasa ikaangukia mikononi mwa Sayyid Said, na watu wakaendelea kuuzwa pwani yote. Sisi wa Usambara tuna sababu ya kulikumbuka jambo hili. Alipokufa Kimweri, katika miaka ya 1860, ndugu walipigana wenyewe kwa wenyewe, na mateka wa vita hivyo waliteremshwa pwani kuuzwa. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa hadi 1873, na hapo ndipo lilipojengwa Kanisa Kuu letu.

Owen mwenyewe alihamia Kanada mwaka 1835, kisiwani Campobello, ambako baba yake aliwahi kupewa ardhi. Akajenga nyumba inayotazama bahari, akaendelea kupima maji ya pwani ile, akasaidia kuanzisha kanisa la Kianglikana la St. Anne. Alipandishwa cheo kuwa Makamu wa Admirali, akafariki mwaka 1857, na kaburi lake liko kisiwani humo.

Nyumba ile ya Campobello ilidumu, na kwa miaka mingi imepokea wageni. Mombasa nako, katika Mji wa Kale, iko nyumba iitwayo Leven House kwa jina la merikebu yake, na karibu nayo ngazi zinazoshuka hadi majini. Ilichakaa sana, kisha ikakarabatiwa na kutunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Thamani yake si chokaa na boriti tu. Mtoto wa shule akisimama pale anaweza kuambiwa kwamba hapa ahadi ilitolewa kwa watumwa, na baada ya miaka miwili ikavunjwa. Bila nyumba, habari hiyo ingebaki vitabuni, na vitabu hivyo wengi hawavioni.

Basi tujiangalie na sisi. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Misheni ya Magila ilianza baada ya mwaka huo. Nyumba za Wajerumani hapa Lushoto ni za baadaye pia. Kwa hiyo karibu kila jengo la zamani tulilo nalo halina kinga ya sheria, mpaka Serikali ilitangaze rasmi kuwa la kuhifadhiwa. Mlinzi wake wa kwanza ni sisi wenyewe.

Paa likivuja, ni rahisi kusema nyumba ya mapadre wa zamani ibomolewe ijengwe ya matofali mapya. Pengine italazimu. Lakini kabla ya nyundo, wazee wa kanisa waandike: nani alijenga, mwaka gani, mafundi walikuwa akina nani, mawe na mbao vilitoka wapi, na nani walisoma au kuponywa humo. Wapige picha. Wawaulize mabibi na mababu wangali hai. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nyumba ya zamani ni mali na daftari pamoja.