Augustino na Mwanawe

Mtakatifu Augustino twamzoea katika picha akiwa mzee, amevaa kofia ya kiaskofu, kalamu mkononi. Wachache humfikiria alipokuwa kijana wa miaka kama 16, amekaa nyumbani bila kazi. Wazazi wenye vijana wa umri huo wangefaidika kumtazama hapo.

Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji mdogo uitwao leo Souk Ahras, katika Algeria. Fedha za masomo zilipopungua, ikambidi aache shule ya Madaura, angoje mwaka mzima hata baba yake, Patricius, apate njia ya kumpeleka Carthage. Siku moja, katika bafu za mji, Patricius akaona ya kuwa mwanawe amebalehe. Akafurahi, akaenda kumweleza mkewe, maana ameanza kutamani wajukuu. Usafi wa moyo wa kijana haukumshughulisha. Monika aliingiwa na hofu. Alimwita mwanawe faraghani, akamwonya aepe uasherati, na zaidi asimguse mke wa mtu. Augustino akayaona hayo kuwa maneno ya kike tu, akaona haya kuyatii. Wenzake walijisifia machafu yao, naye, asije akachekwa, alijisingizia hata mambo asiyoyatenda.

Haya yote ameyaandika mwenyewe katika Maungamo, akiwa tayari askofu, wala hakuwafichia wazazi wake kosa lao. Wote wawili walihofu ndoa isije ikamkwamisha masomoni, wakamwachia hatamu. Bila kumvunjia heshima Mtakatifu Monika, ambaye machozi yake twayajua, twasema kwamba onyo moja la siri lilikuwa dogo kwa mwaka mzima wa uvivu.

Huko Carthage akakaa na mwanamke bila ndoa, kwa uaminifu, miaka zaidi ya 10, wakapata mtoto mmoja, Adeodatus. Jina la mwanamke huyo Augustino hakulitaja. Yapata mwaka 385, Augustino akiwa mwalimu wa ufasaha huko Milano na kutumaini cheo, alichumbiwa binti ambaye bado alipungukiwa miaka karibu 2 kufikia umri wa kuolewa. Na umri huo, kwa sheria ya Roma, ulikuwa miaka 12 tu. Monika mwenyewe ndiye aliyehangaikia uchumba huo. Yule mama wa Adeodatus akaondolewa, akarudi Afrika bila mwanawe, akiwa ameweka nadhiri ya kutomjua mwanamume mwingine. Augustino hakuweza kumwiga. Akatwaa mwanamke wa pili huku akingoja arusi ambayo haikufungwa kamwe. Waandishi wengi hupita hapa kwa haraka, wakikimbilia uongofu wake. Lakini ni nani aliyeulizwa habari za mwanamke yule?

Usiku wa Pasaka, mwaka 387, Mtakatifu Ambrosi aliwabatiza baba na mwana pamoja. Baada ya kurudi Afrika, Augustino alitunga kitabu kiitwacho Mwalimu, ambamo yeye na Adeodatus wanaulizana na kujibizana kwa utulivu, kijana akipewa nafasi ya kupinga. Baadaye alishuhudia kwamba mawazo yote ya kijana humo yalikuwa yake kweli, naye akiwa na miaka 16.

Adeodatus alifariki muda si mrefu baadaye. Baba yake aliandika kwamba, akimkumbuka, hakuwa na hofu yoyote juu ya utoto wake wala ujana wake.