HERGÉ, MCHORAJI WA HADITHI ZA PICHA

Wako watu wasemao kwamba hadithi za picha ni mchezo wa watoto, wala hazistahili kuwekwa pamoja na vitabu vyenyewe. Maisha ya Georges Remi yatuonyesha kwamba kazi hiyo yaweza kutukana taifa zima, na yaweza vile vile kulitetea.

Alizaliwa Etterbeek, Brussels, tarehe 22 Mei, 1907. Alizigeuza herufi za kwanza za majina yake, zikawa R na G, nazo zikitamkwa Kifaransa husikika Hergé. Januari 1929, katika gazeti dogo la watoto, alianza kuchora safari za Tintin, kijana mwandishi wa habari, na mbwa wake mweupe.

Mwaka 1930 mkuu wake alimwagiza ampeleke Tintin Kongo. Hergé hakuwa amefika huko. Alitegemea masimulizi ya Wabelgiji wenzake na vitu alivyoviona katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren. Basi akawachora Wakongo kama wajinga wenye midomo mikubwa, na Tintin akaingia darasani kuwafundisha watoto wao kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Sisi hapa Likuni na Dzaleka ambao wazee wetu walitoka Kivu na Katanga, hatuwezi kuzicheka kurasa hizo.

Kisha alitaka kumpeleka Tintin China. Safari hii alionywa asichore tena kwa kukisia, na mwaka 1934 akajulishwa kwa Zhang Chongren, kijana Mchina aliyekuwa akisomea uchongaji wa sanamu Brussels. Zhang alimweleza historia ya kwao, akamfundisha kushika brashi, akamwandikia kwa mkono wake maneno ya Kichina yaonekanayo kwenye kuta za mji katika picha. Kitabu kilichotoka mwaka 1936, Le Lotus bleu, kiliwaonyesha Wajapani wakilipua reli ili wapate kisingizio cha kuishambulia China. Wajapani walinung'unika, na nani hunung'unikia mchezo wa watoto? Tangu hapo Hergé alizidi kujitahidi kuchunguza mambo kabla ya kuyachora.

Wakati wa vita alifanya kazi katika gazeti lililoshikwa na Wajerumani, na mwaka 1944 alikamatwa kwa ajili hiyo. Mwaka 1946 alikichora upya kitabu cha Kongo: somo la Ubelgiji likawa hesabu, lakini nyuso za watu zilibaki karibu vile vile. Kusahihisha hesabu ni rahisi. Mwaka 2007 Mkongo mmoja akaaye Ubelgiji alikishtaki kitabu hicho, na mwaka 2012 mahakama ikamkatalia.

Zhang alikuwa amerudi kwao mwaka 1935, wakapoteana. Katika Tintin au Tibet, cha mwaka 1960, Tintin anamtafuta thelujini rafiki yake Mchina aitwaye Tchang, na hakuna adui hata mmoja. Kwa maoni yangu ndicho kitabu chake bora. Marafiki hao wawili walionana tena Brussels mwaka 1981. Hergé alikuwa mgonjwa tayari, akafa tarehe 3 Machi, 1983.