Maisha ya Ethel Waters, mwimbaji na mwigizaji



Kamati ilipogawa kurasa za kijitabu hiki, mimi Mwenyekiti nilipewa ukurasa wa mtu mashuhuri. Wengi walidhani nitamwandika Siti binti Saad. Siti tunampenda, lakini yeye alishaandikwa na Shaaban Robert, sasa mimi wa darasa la saba niongeze nini? Nimemchukua mama mwingine, Mmarekani mweusi aitwaye Ethel Waters. Sababu yangu ni hesabu. Mama huyu alipata fedha nyingi kwa jasho lake mwenyewe, na bado akafika utu uzima akidaiwa. Sisi tunaokaa kila wiki kuzunguka sanduku, habari zake zinatuhusu.

Alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1896 mjini Chester, jimbo la Pennsylvania. Namna alivyopatikana ni habari ya uchungu, lakini yeye mwenyewe hakuificha katika kitabu chake cha mwaka 1951, basi na mimi siifichi: mama yake, Louise, alibakwa akiwa bado msichana. Mtoto akalelewa na bibi mzaa mama, Sally Anderson, aliyefanya kazi za ndani kwenye nyumba za Wazungu. Bibi akiwa kazini, mtoto anabaki na mama wadogo, nao walikuwa watu wa pombe. Wakahama chumba hadi chumba katika mitaa mibaya ya Philadelphia. Ethel aliiba chakula, kwa kuwa alikuwa na njaa tu.

Akiwa na miaka 13 aliolewa. Mume alikuwa mpigaji, ndoa haikufika mbali. Akaondoka, akapata kazi ya usafi wa vyumba katika hoteli kwa mshahara wa dola 4 na senti 75 kwa wiki. Hicho kiasi naomba mkiweke akilini. Akimaliza kutandika kitanda alikuwa anasimama mbele ya kioo cha mgeni anaimba na kujiigizia, halafu anachukua ufagio anaenda chumba kinachofuata.

Siku alipotimiza miaka 17 alialikwa kwenye sherehe, watu wakamsukuma aimbe. Waliomsikia wakampa kazi katika ukumbi mmoja huko Baltimore, dola 10 kwa wiki. Mara mbili ya hoteli na zaidi! Lakini tazameni mambo. Watazamaji wakifurahi walikuwa wanamtupia sarafu jukwaani, kama sisi tunavyotunza harusini. Zile sarafu walichukua mameneja wake. Msichana anaimba, wengine wanaokota. Alipogundua aliachana nao, akaanza kuzunguka miji akiimba, mwembamba kama ufito, na watu walimpa jina la utani kwa ule wembamba wake.

Baada ya vita kuu ya kwanza alifika Harlem, New York, mtaa wa watu weusi. Mwaka 1921 akarekodi santuri kwa kampuni ya Black Swan iliyomilikiwa na mtu mweusi, Harry Pace. Yeye aliomba dola 100 taslimu. Santuri ikauzwa sana, kampuni iliyokuwa inayumba ikasimama. Zile 100 alikuwa ameshapokea, na mimi hapo simlaumu. Mtu aliyezoea 4 na senti 75 akionyeshwa 100 ataona ni mlima.

Mwaka 1933 ndio mwaka wake. Aliimba katika Cotton Club, mahali pa ajabu, maana waimbaji walikuwa weusi na wateja wakawa Wazungu peke yao. Wimbo wake ulikuwa Stormy Weather. Mtunzi mkubwa wa nyimbo, Irving Berlin, akaenda kumsikiliza, akamchukua kwenye mchezo wake wenye nyimbo, As Thousands Cheer, katika majumba ya michezo ya Broadway. Mchezo ulipangwa kama gazeti, kila kipande kinaanza na kichwa cha habari. Watu walikwenda kucheka. Katikati ya vicheko, kichwa cha habari cha Ethel kikasema mtu mweusi ameuawa na kundi la watu. Kwa wasiojua, zama zile Marekani mtu mweusi aliweza kukamatwa na kundi, akatundikwa mtini bila hakimu wala kesi. Basi Ethel anatokea kama mke wa yule marehemu. Ni saa ya chakula cha jioni, anaandaa meza, na hajui atawaambiaje watoto kwamba baba harudi. Hamna kicheko hapo. Wako waliotaka wimbo huo uondolewe kwa kuwa unaharibu furaha ya watu. Berlin akakataa.

Inasimuliwa pia kwamba waigizaji wakubwa Wazungu wa mchezo huo hawakutaka kuinama pamoja naye mbele ya watazamaji mwishoni. Berlin akawajibu vizuri tu: sawa, basi hakuna atakayeinama. Kesho yake wakainama wote pamoja. Mchezo uliendelea mara 400. Wakati huohuo Ethel alikuwa na kazi ya redio na ya kuimba kumbi za usiku, kazi tatu kwa mpigo, akawa miongoni mwa waliolipwa fedha nyingi kabisa pale Broadway.

Lakini yeye alitaka kuonyesha kwamba anaweza kuigiza, sio kuimba tu. Januari 1939 akaingia katika mchezo uitwao Mamba's Daughters akiwa Hagar, mama maskini mwenye nguvu nyingi na maneno machache, anayefanya kazi za sulubu ili binti yake asome, na mwisho anaua mtu kwa ajili ya binti huyo kisha anajiua. Ethel alisema wazi kwamba katika Hagar alimwona mama yake, Louise. Yule mama ambaye hakuwahi kumkumbatia mtoto wake ipasavyo, mtoto akaja kumwelewa akiwa juu ya jukwaa mbele ya watu. Jamani. Usiku wa kwanza watazamaji walimwita arudi jukwaani mara 17. Mwandishi mmoja wa gazeti hakumsifu, basi wasanii wenzake wakachanga fedha, wakalipia tangazo gazetini la kumpongeza. Mchango wa namna hiyo sisi tunaujua.

Tarehe 14 Juni mwaka huohuo 1939, kituo cha NBC, kilichokuwa bado kinajaribu televisheni, kilirusha kipindi chenye jina lake kwa usiku mmoja, na kipande cha Hagar kikiwemo. Nyumba zenye televisheni zilikuwa za kuhesabu. Hata hivyo mtu mweusi mwenye kipindi chake alikuwa bado hajaonekana humo.

Filamu alicheza, Cabin in the Sky ya mwaka 1943 ikiwa mojawapo. Humo aligombana na watu wakati wa kupiga picha, akakaa miaka 6 bila kuitwa. Alikuwa mkali, tusimpake asali. Kisha akaibiwa fedha taslimu na vito vya makumi ya maelfu ya dola (niliposoma habari hii kikaoni, mweka hazina wetu aliguna). Filamu ya Pinky ya mwaka 1949 ndiyo iliyomrudisha, ikampa nafasi ya kushindania tuzo ya Oscar.

Januari 1950 akarudi Broadway katika The Member of the Wedding, akiwa mpishi Berenice. Mwanzoni alikataa kwa kuwa aliona mchezo hauna Mungu ndani yake. Wakamruhusu aweke wimbo wa dini alioujua tangu utoto, ndipo akakubali, na ukaonyeshwa mara 501. Mwaka huohuo akachukua kipindi cha televisheni cha Beulah, vichekesho vya kila wiki, na mtumishi wa ndani mweusi ndiye mkubwa wa kipindi. Wako waliolaumu: kwa nini tena mtumishi? Yeye mwenyewe aliondoka mwaka 1951. Mimi nasema kazi ya ndani sio aibu, wapo humu wanachama waliosomesha watoto kwayo. Ila huyu alikuwa ameshafagia vyumba vya kweli, akaigiza Hagar, kisha anarudishwa jikoni ili watu wacheke. Ukichoka hapo una haki.

Sasa fedha. Mapato yalikuwa yamepita kwa mameneja, kwa ndugu, kwa watoto wa watu aliowalea, na kodi ya mapato haikulipwa ipasavyo. Serikali ikamdai. Mwaka 1957, akiwa na miaka 60, alikwenda kwenye mashindano ya maswali ya televisheni, akasema mbele ya nchi nzima kwamba anatafuta fedha ya kulipa kodi. Hebu fikiri, mama mzima, jina lake linajulikana kila mahali.

Mwaka huohuo alikwenda kwenye mkutano wa mhubiri Billy Graham, New York, akajiunga na kwaya. Graham ndiye aliyehubiri Moshi, Kisumu na Nairobi mwaka 1960. Ethel aliimba katika mikutano yake karibu miaka 20, hadi 1976. Televisheni hakuiacha kabisa: kwa kipindi kimoja cha Route 66 cha mwaka 1961, akiigiza mwimbaji mzee anayekaribia kufa, alipendekezwa kwa tuzo ya Emmy, na hakuna mwanamke mweusi aliyefika hapo kabla yake.

Alifariki tarehe 1 Septemba 1977 huko Chatsworth, California, akiwa na miaka 80, katika nyumba ya mume na mke vijana waliokuwa wanamtunza. Mwaka 1994 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye sura yake. Bei yake ilikuwa senti 29.