Ben Hogan: Bingwa aliyebadilisha mshiko ukubwani

WAHENGA walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo humkata maini mchezaji wa gofu anayeambiwa, baada ya miaka 15 au 20 uwanjani, kwamba mikono yake imekuwa ikishika fimbo vibaya tangu siku ya kwanza.

Katika nyanda za majani chai za Kericho na Bomet, ambako gofu iliingia pamoja na wazungu wa makampuni ya chai, ugumu wa jambo hilo hauhitaji maelezo marefu. Mchuma chai mzoefu hukata majani mawili na chipukizi bila macho yake kuvitazama vidole. Mkono uliozoea hivyo hausikii amri mpya kwa urahisi. Mcheza gofu wa uwanja wa Kericho, uliozungukwa na michai, anao mkono wa namna hiyo hiyo. Mazoea yana taabu.

Hata hivyo, historia ya mchezo huo inaye mtu aliyebadilisha mshiko akiwa amekwisha kuwa bingwa, na akawa bingwa mkubwa zaidi. Mtu huyo ni Ben Hogan wa Marekani.

Hogan alizaliwa Agosti 13, 1912, katika jimbo la Texas. Baba yake, Chester, alikuwa mhunzi. Mwaka wa 1922, Ben akiwa na umri wa miaka tisa, baba huyo alijiua kwa bastola nyumbani kwao mjini Fort Worth. Umaskini ulimtuma mtoto kuuza magazeti katika kituo cha garimoshi. Alipofika miaka 11 alipata kazi ya ukedi, yaani kubeba mikoba ya wachezaji, katika klabu ya Glen Garden. Hivyo ndivyo walivyoanza pia wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya: kwa kubeba fimbo za wengine kabla ya kumiliki zao.

Mwaka wa 1930, akiwa na miaka 17, aliingia katika gofu ya kulipwa. Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Mara kadhaa aliishiwa na fedha akarudi nyumbani. Alimwoa Valerie Fox mwaka wa 1935, na mwanzoni mwa mwaka wa 1938 wawili hao walikaribia kabisa kukata tamaa kabla ya zawadi ya shindano la Oakland kuwapa nauli ya kuendelea.

Adui yake mkubwa alikuwa mpira uliopinda. Mpira wake ulikwenda mbali kwa kasi, kisha ukakata kona kali kuelekea kushoto na kutumbukia vichakani. Chanzo kilikuwa mikononi. Mkono wake wa kushoto ulizungushwa mno kuelekea kulia juu ya mpini, na kwa sababu hiyo uso wa fimbo ulijifunga kabla ya kuugusa mpira.

Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, mchezaji mwenzake Henry Picard alimshauri auregeze mshiko huo. Hogan alikubali, na matunda yakaonekana. Mwezi Machi 1940 alishinda shindano lake la kwanza akiwa peke yake, huko Pinehurst, muongo mmoja baada ya kuanza kulipwa. Aliongoza orodha ya mapato ya wachezaji wa Marekani mwaka huo na miaka miwili iliyofuata. Kisha akaitwa jeshini, akatumikia kikosi cha anga hadi mwaka wa 1945.

Mtu mwingine angeridhika. Hogan hakuridhika, kwa kuwa mpira ule uliopinda ulikuwa ukimrudia katika saa za hatari. Kwa maelezo aliyoyatoa baadaye, mwaka wa 1955, katika jarida la Life, ilikuwa mwaka wa 1946 alipokamilisha mageuzi yake. Aliusogeza mkono wa kushoto kidogo tu kuelekea kushoto, akakiweka kidole gumba juu ya mpini, na akabadilisha jinsi kifundo cha mkono kinavyokunjwa fimbo inapofika juu. Alikuwa na umri wa miaka 33, na mikono yake ilikuwa na zaidi ya miaka 20 ya mazoea. Mwaka huo huo alishinda mashindano 13, likiwemo la PGA, taji lake la kwanza kati ya mataji makuu.

Badiliko hilo halikuletwa na maarifa peke yake. Hogan alifahamika kwa mazoezi yaliyowashangaza wenzake, akipiga mpira baada ya mpira, siku nzima, hadi mkono ulipousahau mshiko wa zamani.

Februari 2, 1949, karibu na mji wa Van Horn, Texas, basi liliigonga gari yake uso kwa uso katika ukungu. Hogan alijitupa mbele ya mkewe ili kumkinga. Alivunjika nyonga, mtulinga, mbavu na kifundo cha mguu, kisha damu ikaganda mishipani hata madaktari wakalazimika kuufunga mshipa mkubwa ili kumwokoa. Haikujulikana kama angetembea tena. Miezi 16 baadaye, huko Merion, alizunguka mashimo 36 kwa siku moja akiwa amefungwa bendeji miguuni, na siku iliyofuata akawashinda Lloyd Mangrum na George Fazio katika raundi ya kuamua mshindi wa US Open.

Kilele kilikuwa mwaka wa 1953. Alitwaa taji la Masters, la US Open, na la Uingereza huko Carnoustie, Scotland, mara ya pekee aliyoshiriki shindano hilo. Alimaliza maisha yake ya uchezaji akiwa na mataji makuu tisa na ushindi wa mashindano 64 katika mzunguko wa Marekani. Alifariki Fort Worth Julai 25, 1997, akiwa na umri wa miaka 84.

Kitabu chake cha mafunzo cha mwaka wa 1957 kina masomo matano, na somo la kwanza ni mshiko. Hata hivyo, anayemwiga sharti aangalie. Mshiko wa Hogan ulikuwa dawa ya mpira unaopinda kushoto. Mchezaji wa mkono wa kulia ambaye mpira wake hupinda kulia, akiuiga atazidisha maradhi. Lenye faida kwa wote ni jinsi alivyofanya: alitambua chanzo cha kosa, akasikiliza ushauri wa mwenzake, akabadilisha kitu kidogo, kisha akakirudia kwa miaka. Samaki mkavu hukunjika, lakini ni kwa yule tu aliye tayari kumloweka muda mrefu.